Kuchagua chelezo cha kujiokolea kwa mashua ya tanga katika Ziwa Kivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wenye mashua za tanga na boti ndogo za Goma, Bukavu na Idjwi, ambao wanataka kununua chelezo cha kujiokolea na hawajui waanzie wapi. Majibu yanamlenga zaidi mwenye mashua ya tanga ya mita 6 hadi 12, anayesafiri ziwani na familia au marafiki. Mwenye boti ya injini ya ukubwa huo atapata humu mengi yanayomhusu.

Chelezo cha kujiokolea ni nini, na kinatofautianaje na jaketi la kuokolea maisha?

Ni chombo cha kitambaa kizito kilichopakwa mpira, ambacho hukaa kimekunjwa ndani ya mfuko au kasha pamoja na mtungi wa gesi iliyoshindiliwa. Kamba yake ikivutwa hadi mwisho na kukazwa kwa nguvu, mtungi hufunguka, na gesi, ambayo kwa kawaida ni kaboni dioksidi iliyochanganywa na nitrojeni kidogo, hukijaza kwa muda wa dakika moja hivi. Kikishajaa kinakuwa na mirija ya hewa iliyopandana kuwa ukuta, sakafu, paa la kitambaa lenye mlango, na mifuko inayoning'inia chini ambayo huingia maji ili upepo usikipindue.

Jaketi, ambalo wengi hapa tunaliita jile, humzuia mtu asizame, na chelezo humtoa majini kabisa. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana joto la nyuzi 23 hadi 25 hivi, kwa hiyo aliyeangukia humo hafi kwa baridi katika dakika chache kama ilivyo katika bahari za kaskazini. Hata hivyo mwili hupoteza joto majini haraka zaidi kuliko hewani, na usiku mzima ndani ya maji hayo unaweza kummaliza mtoto, mzee au mtu aliyejeruhiwa. Pamoja na hayo jaketi ndilo linalotangulia, kwa sababu linafanya kazi tangu mtu anapogusa maji, akiwa na fahamu au hana. Mwezi wa Aprili 2019, baada ya chombo kuzama upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kwamba kila abiria wa ziwa avae jaketi. Usinunue chelezo kabla kila mtu anayepanda mashua yako, pamoja na mtoto aliye mdogo kuliko wote, hajapata jaketi linalomtosha.

Kivu ni ziwa, na milima inaonekana pande zote. Je, chelezo kinahitajika kweli?

Kwa baadhi ya watu hakihitajiki, na ni haki waambiwe hivyo. Mtu anayetandaza tanga mchana katika ghuba ya Bukavu au mbele ya Goma, karibu na ufuo, huku ndugu zake wakimwona kutoka nchi kavu, atumie fedha zake kwa majaketi mazuri, simu ndani ya mfuko usioingia maji, na vitu vya kuelea vilivyofungwa ndani ya mashua yenyewe.

Hali inabadilika kwa anayekwenda mbali. Ziwa lina urefu wa kilomita 90 hivi, kina chake kinakaribia mita 485 mahali penye kina zaidi, na safari ya Goma hadi Bukavu ni takriban kilomita 100. Mashua ya tanga yenye mwendo wa kawaida haimalizi safari hiyo mchana mmoja ikiwa upepo ni hafifu, na hapo ndipo usiku unaikuta katikati ya Idjwi na pwani ya magharibi. Wakati wa mvua dhoruba hushuka kutoka milimani ghafla, mara nyingi jioni au usiku, na mawimbi mafupi yenye kusimama wima huinuka kabla hujamaliza kupunguza tanga. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa siku nyingi na kusukuma mawimbi kuelekea Goma. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni, na wengi walikufa. Kuwa karibu na nchi kavu hakukuwasaidia waliokuwa majini bila kitu cha kuwashikilia.

Nianzie wapi ninapochagua?

Anza na kituo cha ukaguzi, kisha ndipo uchague chelezo. Watu wengi hufanya kinyume: wanatafuta bei nzuri, wanapokea mzigo, wanaufunga kwenye sitaha, na baada ya miaka mitatu wanagundua kwamba hakuna mtu katika nchi jirani aliyeidhinishwa na mtengenezaji kuufungua na kuukunja tena. Chelezo kilichofungwa hakionyeshi hali yake kwa nje. Gundi ya mishono inaweza kuwa imeachia, mtungi unaweza kuwa umepungua uzito kwa sababu gesi imevuja, betri za taa zinaweza kuwa zimekufa, na mwenye mashua hawezi kuyajua hayo mpaka siku atakapokihitaji.

Vyelezo vya meli za kibiashara hukaguliwa kila mwaka. Vile vya mashua za matembezi, kwa watengenezaji wengi wa siku hizi, hukaguliwa kila baada ya miaka mitatu vikiwa bado vipya, na kila mwaka vinapozeeka. Kituo hukijaza hewa chelezo, hukiacha kwa saa kadhaa ili kuona kama shinikizo linashuka, hupima uzito wa mtungi, hubadilisha vitu vilivyopitwa na tarehe, hukikunja kwa utaratibu wa mtengenezaji na kutoa cheti. Kazi hiyo haifanywi na fundi wa matairi, hata awe hodari namna gani, kwa sababu mkunjo ukikosewa chelezo kinaweza kujichana chenyewe kinapofunguka.

Kwa mtu wa Goma au Bukavu, maana yake ni kutazama bandari za bahari: Mombasa na Dar es Salaam. Ni safari ya lori ya zaidi ya kilomita 1,500 kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi, pamoja na forodha kwenye kila mpaka. Kwa hiyo kabla hujalipa hata dola moja, piga simu katika bandari hizo, uliza ni chapa zipi wanaruhusiwa kuzikagua, wanatoza kiasi gani, na kazi inachukua majuma mangapi. Chagua miongoni mwa chapa hizo tu. Chelezo cha wastani ambacho kitakaguliwa kwa wakati kinakufaa kuliko kizuri sana ambacho hakitafunguliwa tena. Na kama wenye mashua watatu au wanne wa mji mmoja watanunua chapa moja na kuvipeleka vyelezo vyao kwa zamu, gharama ya lori inagawanyika na ziwa halibaki bila chelezo hata kimoja.

ISO 9650 na SOLAS ni nini, na nichukue kipi?

SOLAS ni mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, na vyelezo vinavyofuata kanuni zake vimetengenezwa kwa meli za kibiashara. Vinapimwa kwa kuangushwa majini kutoka urefu wa mita 18, vinatakiwa kustahimili siku 30 vikiwa vinaelea katika hali zote, na havitengenezwi kwa watu walio chini ya sita. Ni vizito na vya bei kubwa, na kwa mashua ndogo ya tanga uzito huo ni tatizo lenyewe.

ISO 9650 ni kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya mashua ndogo. Sehemu yake ya kwanza ni ya vyelezo vya safari za mbali, na sehemu ya pili ni ya safari za karibu na pwani. Katika sehemu ya kwanza kuna kundi A, lililopimwa hadi baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, na kundi B, lililopimwa kuanzia nyuzi sifuri. Mwenye mashua wa Kivu hana sababu ya kulipia kundi A. Kuhusu sehemu ya pili, wapo wanaosema kwamba inatosha kwa ziwa, na hoja yao ina uzito, lakini maoni yangu ni kuchukua sehemu ya kwanza, kundi B, kwa sababu mifuko yake ya maji ni mikubwa zaidi, paa lake linajisimamisha lenyewe, na mawimbi ya Kivu wakati wa dhoruba yanapindua haraka kitu chepesi.

Jihadhari na mzigo usio na jina la kanuni yoyote, wenye maandishi tu ya kusifu. Kuna maboya ya kuchezea ya mabwawa ya kuogelea yanayouzwa kwa rangi ya machungwa na picha ya mtu anayeokolewa. Hayo hayahusiani na jambo tunalolizungumzia.

Nichukue cha watu wangapi?

Hesabu watu unaosafiri nao kwa kawaida, na usiongeze sana. Kanuni ya SOLAS inampa kila mtu eneo la mita mraba 0.372 tu, yaani mraba wenye upande wa sentimita 61. Ni mahali pa kukaa umekunja magoti, mabega yakigusana na ya jirani, na kwa hiyo wengi hufikiri kwamba chelezo cha watu kumi kitawapa nafasi watu wanne. Lakini uzito wa watu ndio sehemu kubwa ya kinachokituliza chelezo juu ya maji. Watu wanne katika chelezo cha kumi hukaa upande mmoja, upande wa pili unainuka, upepo unaingia chini yake na kukigeuza. Kwa familia ya watu wanne au watano, cha watu sita kinatosha. Kwa wawili, chukua cha wanne.

Mtoto anahesabiwa kama mtu mmoja kamili. Ukizoea kubeba wageni wa ghafla kutoka Idjwi kwenda sokoni, basi ama ununue chelezo kinachowatosha, ama uwaambie mapema kwamba mashua imejaa.

Mfuko au kasha gumu? Kiwekwe wapi?

Chelezo cha mfuko ni chepesi kidogo na cha bei nafuu, kinahifadhiwa ndani, mbali na jua na mvua, na kinatolewa pale tu mashua inaposafiri. Chelezo cha kasha gumu hufungwa juu ya sitaha au nyuma ya mashua moja kwa moja. Kanuni za mashindano ya mashua za tanga ya bahari kuu zinataka mfuko usizidi kilo 40, na chelezo kiweze kufikishwa ukingoni au kutupwa majini katika sekunde 15. Hicho ndicho kipimo kizuri cha kujipima nacho: mwombe mtu mdogo kuliko wote kati ya watu wazima wa mashua yako akitoe mahali kilipo na kukifikisha ukingoni, mashua ikiwa imelala upande. Kama hawezi, mahali hapo hapafai.

Kosa linaloonekana sana kwetu ni kukiweka chini ya mizigo, kwa sababu sitaha inajaa magunia, bidoni na ndizi. Chelezo kilicho chini ya gunia la mihogo hakipo. Usikiweke pia ndani kabisa karibu na ngama, yaani maji yanayojikusanya chini ya mashua, kwani unyevu wa huko huozesha mfuko na kuingia kwenye mikunjo. Na usikiache juani miaka yote bila kifuniko, kwa sababu tuko karibu na ikweta na juu ya mita 1,460, ambako jua hukausha mpira kwa haraka.

Kwa kasha lililo juu ya sitaha, ongeza kifaa cha kuliachilia kwa shinikizo la maji. Mashua ikizama nalo, kifaa hicho hukata kamba kikifika kina cha kati ya mita 1.5 na 4, kasha linaelea, kamba inavutwa na mashua inayozama, chelezo kinajaa, kisha kiungo dhaifu kinakatika ili mashua isikivute chini. Aina nyingi za kifaa hicho zinatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na tarehe imeandikwa juu yake. Kukifunga vibaya, hasa kwa kuruka kile kiungo dhaifu, ni hatari zaidi kuliko kutokuwa nacho.

Nikipelekewa picha na maelezo ya vyelezo viwili vya kanuni moja, nitazame nini ili kuvitofautisha?

Tazama kwanza jinsi mtu anavyoingia. Mtu aliyelowa, amevaa jaketi lililofura, amechoka na anaogopa, hawezi kujivuta juu ya ukuta wa mpira unaoteleza kwa kamba moja tu. Tafuta chelezo chenye jukwaa dogo la kujazwa hewa mlangoni, au ngazi yenye vidato vigumu visivyokimbilia chini ya chelezo, na kamba za kushika ndani hadi katikati ya sakafu. Jambo hili nimeliweka mbele ya mengine yote kwa makusudi. Wenye mashua wengi husafiri na mama, wazee na watoto, na chelezo ambacho ni kijana mwenye nguvu peke yake anayeweza kukipanda kinamwacha nje yule aliyekihitaji zaidi.

Kisha tazama mifuko ya maji: mingapi, mikubwa kiasi gani, na kama ina uzito chini wa kuifanya ifunguke haraka. SOLAS inadai jumla ya lita 220 kwa chelezo cha watu wasiozidi kumi, na kiasi hicho ni kipimo kizuri cha kulinganishia. Angalia nanga ya kuelea, ambayo hukipunguzia chelezo mwendo na kuelekeza mlango mbali na upepo. Angalia kama mirija ni miwili inayojitegemea, ili mmoja ukitoboka mwingine uendelee kuwabeba watu wote. Sakafu yenye tabaka mbili za kujaza hewa ni ya lazima katika bahari za baridi. Kwetu ni starehe nzuri kwa usiku mrefu, lakini usiinunue kwa kupunguza ubora wa mlango.

Rangi ya paa iwe ya machungwa au nyekundu iliyokoza, yenye vipande vya kurudisha mwanga. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wako ziwani usiku na taa zao, na kipande hicho kinapomulikwa huonekana kwa mbali.

Je, maji yasiyo na chumvi na urefu wa mahali petu vinaathiri chelezo?

Kidogo. Maji ya ziwa hubeba chombo kwa nguvu pungufu ya asilimia mbili na nusu hivi kuliko maji ya bahari, tofauti ambayo chelezo chochote cha kanuni kinaimudu. Mgandamizo wa hewa kwetu ni kama asilimia 84 ya ule wa pwani, kwa hiyo gesi ileile hujaza zaidi, na utasikia vali za kupunguzia shinikizo zikipuliza kwa muda mrefu baada ya chelezo kujaa. Hilo ni kawaida, wala hakijatoboka. Lakini gesi inayotoka ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, na ikiingia chini ya paa lililofungwa hukaa kule walikolala watu. Fungua mlango mpaka kelele ziishe. Jioni, hewa ikipoa, mirija italegea na utahitaji kuiongezea kwa pampu ya mkono.

La kuulizwa kwa makini ni taa. Baadhi ya taa za vyelezo na majaketi huwashwa na betri inayoamshwa na maji, na nyingine zilibuniwa kwa maji ya chumvi. Mwulize muuzaji kwa maandishi kama taa inawaka katika maji ya ziwa.

Ndani yake kuwe na vitu gani?

Kuna vifurushi vya vifaa vya dharura vya aina mbili, cha kungojea msaada chini ya saa 24 na cha zaidi ya saa 24. Kwa Kivu kile kifupi kinatosha, mradi ukiongeze kwa mfuko wako mwenyewe uliofungwa karibu na mlango wa mashua: simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko usioingia maji, tochi mbili, firimbi, kioo cha kumulikia jua, dawa za wagonjwa wa nyumbani, dawa ya kichefuchefu, blanketi jepesi, na maji ya kunywa. Ziwa limejaa maji, lakini usiyanywe hivi hivi. Kipindupindu hakijatuacha, na mtu anayeharisha ndani ya chelezo anapoteza nguvu haraka. Vidonge vya kusafishia maji havichukui nafasi.

Kuhusu fataki za ishara, naomba msomaji afikiri mara mbili. Katika bahari ni kifaa bora. Hapa, roketi inayopaa usiku juu ya mji uliosikia milio mingi ya risasi inaweza kueleweka vibaya na kuleta hatari badala ya msaada. Taa ya umeme ya dharura inayomulikamulika, pamoja na firimbi, ndiyo chaguo langu kwa ziwa hili. Kitoa-ishara cha setilaiti cha megahezi 406, kinachosikilizwa na mfumo wa Cospas-Sarsat, ni kizuri kuwa nacho, lakini ujumbe wake unapita mikono mingi kabla ya kumfikia mtu mwenye boti. Ndugu wa nchi kavu anayejua umeondoka saa ngapi, unatarajiwa kufika saa ngapi, na nani ana boti ya kukutafuta, atafanya kazi haraka zaidi.

Je, kinaweza kuletwa kwa ndege?

Kinaweza, lakini si kama mzigo wa kawaida. Kwa sababu ya mtungi wa gesi na wakati mwingine fataki, vyelezo vinavyojijaza vimeorodheshwa kuwa bidhaa za hatari kwa namba UN 2990, na lazima vitangazwe na kufungwa kwa taratibu za usafirishaji wa anga. Anayekushauri ukifiche ndani ya mizigo mingine anahatarisha ndege nzima. Njia ya lori kutoka bandarini ni ndefu, ila ni rahisi kuitimiza kisheria.

Nimepata cha mitumba kwa bei nzuri. Nikichukue?

Uliza umri wake, cheti cha mwisho cha ukaguzi, na kama mtengenezaji bado yupo. Chelezo kisicho na karatasi kihesabu kuwa hakijawahi kukaguliwa. Kilichozidi miaka kumi na miwili hivi, hata kikionekana kipya, kinakaribia mwisho wake, na gharama ya ukaguzi wa kila mwaka pamoja na kupima mtungi upya itapita upesi kile ulichookoa. Kipya cha watu wanne hadi sita huanzia kwenye dola elfu moja na mia kadhaa na kupanda hadi zaidi ya elfu tatu, kabla ya usafiri na forodha.

Ni wakati gani wa kuiacha mashua na kuingia ndani ya chelezo?

Mashua inapokaribia kabisa kuzama, au inapowaka moto usiozimika. Si kabla. Katika mashindano ya mashua za tanga ya Fastnet ya mwaka 1979, dhoruba iliua mabaharia 15. Mashua 24 ziliachwa na watu wake, na 19 kati ya hizo zilipatikana baadaye zikiwa bado zinaelea. Baadhi ya waliokufa walikuwa wameziacha na kuingia ndani ya vyelezo vilivyopinduka au kuchanika. Mashua iliyojaa maji lakini bado inaelea ni kubwa, inaonekana kwa mbali, na ina vitu vingi vya kukusaidia. Mabaharia wanafundishana kwamba kuingia ndani ya chelezo kuwe ni kupanda juu, yaani mashua iwe imeshuka kiasi hicho.

Wakati ukifika, hakikisha kwanza kwamba kamba ya chelezo imefungwa mahali imara pa mashua. Wapo waliotupa chelezo kikaenda zake. Kitupe upande usiopigwa na upepo, vuta kamba yote, kisha ikaze kwa nguvu. Mwenye nguvu aingie wa kwanza ili kuwapokea watoto. Msiruke juu ya paa, na kama inawezekana ingieni bila kulowa. Wote wakiwa ndani, kata kamba kwa kisu kilichowekwa mlangoni, jitengeni na mashua, teremsheni nanga ya kuelea, na kausheni maji yaliyoingia ndani. Kikiwa kimepinduka, mtu mmoja anaweza kukigeuza: kizungushwe mpaka mtungi uwe upande ambao upepo unaelekea, asimame juu ya mtungi, ashike mikanda ya chini na kujilaza nyuma, upepo utamsaidia kuinua upande wa pili.

Tukisukumwa hadi ufukweni, hatari zimeisha?

Upande wa Goma, zinabadilika tu. Sehemu kubwa ya ufuo wa kaskazini ni mawe ya volkeno, na lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 iliingia hadi ziwani. Mawe hayo yana makali, na chelezo kikigongwa juu yake na mawimbi hupasuka. Nanga ya kuelea ikiwa imeteremshwa, mtakuwa mbali kwa muda mrefu zaidi, na ni afadhali kungoja mwanga au boti kuliko kujitupa gizani. Mkifika, vaeni majaketi mpaka mtakapokuwa juu kabisa ya mawe.

Pia kuna mazuku. Gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini katika sehemu za Goma, Sake na ghuba ya Kabuno, hujikusanya mabondeni usiku usio na upepo, na huua bila harufu. Watu waliochoka wanapofika nchi kavu hupenda kukivuta chelezo hadi kwenye shimo lenye kinga ya upepo na kulala humo chini ya paa. Msilale hapo. Pandeni mahali pa juu penye hewa inayotembea. Kuhusu gesi iliyoyeyuka chini kabisa ya ziwa, zaidi ya mita 260, chelezo hakina jibu kwayo, na hakuna sababu ya kukichagua kwa ajili yake.

Sina fedha za chelezo kwa sasa. Nifanye nini?

Ifanye mashua yenyewe isizame. Jaza povu gumu la kuelea chini ya sitaha ya mbele na ya nyuma, au funga humo bidoni tupu zilizozibwa vizuri, kwa kamba imara na kwa wingi wa kutosha kubeba uzito wa injini na mkuku, ule uti wa chini wa mashua. Zijaribu karibu na ufuo: jaza mashua maji mpaka ukingoni, watu wote wakiwa ndani na majaketi yao, uone kama inabaki juu. Mashua yenye mkuku mzito wa chuma itahitaji povu jingi sana, na fundi wake ahesabu uzito kabla ya kuanza. Mwenye kaboti kadogo ka kujaza hewa akabebe kakiwa kamejaa na kufungwa kwa fundo linalofunguka kwa mkono mmoja. Hakana paa wala mifuko ya maji, lakini karibu na pwani kanabeba watoto. Na mpaka chelezo kipatikane, vuka mchana, subiri utabiri wa upepo uwe mzuri, na safari ya Bukavu uigawe kwa kulala Idjwi.